Mbu Aliyeshiba

Rosebella alikuwa ameanika mahindi kwenye turubai pale Navakholo, mumewe Joash akaleta kiti akaketi kando kuvua gambuti. Alikuwa ametoka kunyunyizia dawa shamba la mwajiri wake, Cornelius, na shati limemlowa mgongoni, pampu inapovujia. Dumuzi wakatoka ndani ya punje, wakatembea kidogo, wakafa. Rosebella aliwafagia, akamwambia asogeze kiti upande wa pili, maana huko nako walikuwepo.

Dawa ilikuwa imemwingia Joash mwilini hata mdudu akimkaribia hufa, na majirani walizoea kumwazima. Alilazwa kwenye vitanda vyenye kunguni, asubuhi akarudishwa na kuku wa shukrani.

Kilichomnyima Rosebella raha ni kingine. Miaka saba ya ndoa, na mtoto hajapatikana. Mama mkwe alishasema yote ya kusema, na yote alimwelekezea Rosebella. Walipofika hospitali mjini, nzi alianguka mezani mbele ya Joash; daktari akampangusa, akaendelea kueleza. Kimeng'enya kinachosaidia mishipa ya fahamu kimeshuka mno, na homoni ya kiume imebaki kama ya mzee wa miaka tisini. Ni ile dawa ya shambani. Akiiacha, huenda mwili ukarudia hali yake. Rosebella alirudi na hiyo "huenda" nyuma ya bodaboda, kaishikilia njia nzima.

Cornelius hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha. Alimsikiliza Joash mpaka mwisho, akasikitika kwelikweli.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema. "Dawa usiguse tena. Kuanzia Jumatatu utakuwa unatembea tu."

Basi Joash akawa anatembea. Alipita katikati ya mistari ya mahindi amekunja mikono ya shati, na viwavi wakadondoka nyuma yake. Cornelius akaacha kununua dawa.

Mvua zilipokaribia kuisha, jioni moja mbu alitua kwenye mkono wa Joash akiwa anakula. Hakuanguka.

"Ananiuma," Joash alisema.

"Wacha ashibe."

Mbu alikunywa, akajaa, akaruka taratibu hadi dirishani. Rosebella alimsindikiza kwa macho. Alifurahi hata ugali ukampoa mkononi.

Wiki hiyohiyo Cornelius aliona viwavi wakiendelea kula majani Joash akiwa amesimama papo hapo. Akamwita, pampu iko tayari miguuni, imejazwa. Alisema ni msimu mmoja tu, mpaka dawa imrudie mwilini, kisha atatembea tena. Wakikataa hatawalaumu. Ila nyumba wanayolala ni ya shamba, ya mtu wa kuua wadudu, nao wanalijua hilo.

Joash alimtazama mkewe, aliyekuwa amemletea uji. Roho ilimuuma Rosebella, lakini alikuwa amechoka, na hawakuwa na kwingine pa kulala.

Joash akageuza mgongo. Mkanda wa pampu ulikuwa umejipinda, haufiki. Rosebella akaweka kikombe chini, akaunyoosha, akamfungia.