Digrii Tano za Kahonzi

Wajinga wa kawaida nawavumilia. Siwavumilii wajinga wenye beji, na Japheth alikuwa nazo mbili kifuani, moja ya ujaji na nyingine sijui ya nini. Ndiye aliyeletwa kuamua mashindano ya sayansi ya shule za Malindi, mtu ambaye ukimpa balbu na soketi atakuuliza kipi kinaingia kwenye kipi.

Mwanafunzi wangu Kahonzi alikuwa amening'iniza jiwe la kilo ishirini kwa waya mrefu kwenye boriti ya ukumbi. Jiwe lilibembea tangu saa moja asubuhi, na kila saa alichora kwa chaki mstari linakopita. Kwa kuwa dunia inazunguka, mstari huo hugeuka kidogo kidogo. Baada ya saa sita ulikuwa umegeuka digrii tano, naye akaiandika tano kwenye fomu ya mashindano.

"Tano?" Japheth akafungua kitabu chake. "Hapa pameandikwa kumi na moja kwa saa. Chombo chako kibovu, binti."

"Hiyo ni Ulaya, bwana," Kahonzi akajibu kwa adabu. "Sisi tuko karibu na ikweta. Huku mzunguko wa dunia haugeuzi kitu sana, hata upepo. Ndiyo maana vimbunga vinavyoipiga Msumbiji havizaliwi huku kwetu."

Jibu sahihi kabisa. Mimi nilimfundisha nusu yake tu, nusu ya pili aliitafuta mwenyewe. Japheth akapiga miayo. Kitabu kilikuwa na picha ya rangi, na kwake yeye picha ya rangi ilikuwa ushahidi tosha.

"Mwalimu Thoya," akaniambia, "mimi si mtu mbaya. Afute tano, aandike sitini na sita, yaani kumi na moja mara saa sita, nimpitishe aende mashindano ya kaunti Kilifi. Asipofuta, safari yenu imeishia hapa."

Kahonzi akanitazama. Alingoja nimwambie yule bwege maneno niliyokuwa nikiyatafuna tangu asubuhi, na niliyaandaa vizuri. Lakini kwa miaka tisa shule yetu haijavuka Malindi, na mwalimu mkuu alishanieleza wazi kwamba nikirudi mikono mitupu, klabu ya sayansi atapewa mwingine.

"Andika," nikasema.

Akafuta. Akaandika sitini na sita kwa mwandiko wake mzuri, kisha akanigeuzia fomu.

"Hapa panatakiwa sahihi yako, mwalimu," alisema, na katika sauti yake hamkuwa na heshima hata chembe.

Nikatia sahihi.