Bata Wawili wa Shaba

Kila asubuhi Agripina aliinjika maji ya chai, akakaa kitandani na daftari lake la historia ya sanaa, akasoma ukurasa mmoja kabla hayajachemka. Asubuhi ile hakufika hata mstari wa pili. Mlango uligongwa kwa ngumi.

Alikuwa Heriel, mfanyabiashara wa viatu kutoka Moshi, ambaye Agripina alikuwa akimtafsiria bei kutoka Kichina kwenye masoko ya Liuhua mwaka wa pili sasa. Jioni hiyo angepanda ndege kurudi nyumbani.

"Dada Agripina, nisomee hiki. Si ndiyo masomo yako?"

Akafunua gazeti. Ndani mlikuwa na kioo cha kale cha shaba, cha mviringo kama sahani. Upande mmoja ulikuwa wa kujitazamia; mgongoni walichongwa bata wawili wakitazamana, wameshika utepe mmoja midomoni. Kiling'aa kama sufuria ya harusi.

"Mwenye duka kasema kina miaka elfu. Kilijaa kutu ya kijani, nimekisugua kwa waya wa masufuria mpaka kikatakata."

Agripina alishika kifua. "Umesugua miaka elfu kwa waya wa masufuria?"

"Sasa nimpe mtu zawadi chafu?"

"Mtu gani?"

"Yupo msichana." Heriel akatazama viatu vyake. "Hawa bata wana maana gani?"

Agripina alijua. Alishaandika insha nzima juu yao: bata wa jozi ni mume na mke wasioachana, na utepe ni maisha marefu pamoja. Lakini bata hao walikuwa wanapaa jioni kwa msichana wa Moshi asiyemjua, na ulimi ukajitungia wenyewe.

"Hao ni... bata wa mama mkwe. Anapewa mama mkwe mkorofi."

"Mama mkwe!"

"Na utepe ni wa kumfunga mdomo."

Heriel alinywea, akaanza kukifunga kioo polepole. Kisha akasimama.

"Mama yako yuko Karagwe, siyo? Basi nitampelekea yeye."

"Mama yangu? Cha nini?"

"Si umesema ni cha mama mkwe?"

Maji ya chai yakafurika jikoni, moto ukazimika kwa mlio. Hakuna aliyegeuka. Agripina alijificha uso kwa daftari, akalishusha, akavuta pumzi.

"Nimekudanganya, Heriel. Ni bata wa ndoa. Usimpe mama. Nipe mimi, maana ninakupenda."