Filimbi ya Baba Khulood

Mume wangu Khelef ana pafu moja na nusu. Ile nusu nyengine ilibaki Maskati, kwa madaktari waliompasua mwaka juzi, wakaitoa pamoja na uvimbe ambao jina lake mie silitaji ndani ya nyumba hii. Walituambia mambo mawili: kwamba umetoka wote, alhamdulillahi, na kwamba huenda ukarudi. La kwanza alilishika yeye. La pili nililishika mie, na tangu siku hiyo sijalala usingizi wa maana.

Binti yetu Khulood, ambaye sasa ni daktari huko Sur, alisomea Ayalandi, huko Ulaya. Wenzake walirudi na cheti na koti la baridi. Wangu alirudi na cheti, koti, na filimbi ya mti, nyeusi, ndefu kama mkono, ina matundu sita na pete za fedha kwenye viungio. Kule, alivyotuhadithia, wazee hukaa majumbani wakazipiga kama sisi tunavyokaa kunywa kahawa. Baba yake alipotoka hospitali, hawezi kupanda ngazi mpaka apumzike katikati, akamletea.

"Pumzi ni mazoezi, Baba," akamwambia. "Hii itakufunza kuivuta na kuitoa polepole."

Mie mambo yangu siyafichi. Nikasema, "Mzee mzima na zumari, ndani ya Nizwa hii, majirani watatuonaje?"

Khelef akaigeuza mkononi, akacheka. "Huu mpingo, Ghaniya. Mti wa kwetu. Umekwenda Ulaya, umerudi Uarabuni." Maana kabla ya kuhamia huku Omani yeye kwao Tabora, mie kwetu Unguja mjini, na hachoki kunikumbusha kwamba kila mti mzuri watoka bara. Nikamwambia na kila mshamba pia.

Basi akaanza. Mwezi wa mwanzo haukutoka ila upepo mtupu, kama mtu anayepoza uji. Khulood akimfunza kwa simu, baba yake kaiegemeza simu kwenye bakuli la tende ili aonekane mdomo. Filimbi ile haipulizwi kwa mwisho, hupulizwa ubavuni, na ukikosea kidogo tu imekunyima. Na ina masharti, utadhani bibi harusi. Asiipige muda mrefu mpaka mti uzoee pumzi yake. Akimaliza apitishe kitambaa ndani, akaushe mate. Kila baada ya siku kadhaa aipake mafuta ya lozi. Ailaze sandukuni, mbali na jua na kiyoyozi, kwa sababu mti ule na ukavu wa Nizwa havipatani. Khelef aliyafuata yote, yeye ambaye dawa zake mwenyewe mpaka nimsimamie.

Sauti iliyomshinda ilikuwa ile ya chini kabisa. Unaziba matundu yote sita, na pumzi inatakiwa isafiri filimbi nzima. "Siku utakayoishikilia hiyo, Baba," Khulood akamwambia, "basi kifua chako hakina neno." Alisema hivyo kumtia moyo tu, mtoto. Sisi tukaichukua kama fatwa.

Na akaipata. Kila siku baada ya alasiri alikuwa akikaa majlisi, kafunga madirisha kwa ajili ya majirani, na mie niko jikoni nasikiliza. Alikuwa akianzia juu, anashuka, anashuka, mpaka inafika ile nzito ya chini, imejaa, inaingia hata kwenye masufuria. Nikiisikia hiyo ndipo naendelea kukatakata vitunguu. Huo ndio uliokuwa uzima wake kwangu, siku hadi siku.

Jioni moja ikakatika. Alishuka kama kawaida, akafika mwisho, ikatoka pumzi tupu. Akarudia. Pumzi tupu. Nikaweka kisu chini nisije nikajikata. Siku ya pili yake vivyo hivyo, na ya tatu. Baadaye akawa hashuki tena huko. Anapiga zile za juu tu, nyepesi nyepesi, kisha anaifuta na kuilaza sandukuni. Akitoka nje ananiuliza kuna nini cha kula, nami namjibu, na hakuna hata mmoja wetu anayeitaja.

Niliogopa, wallahi. Niliogopa mpaka nikawa nahisi ladha ya shaba mdomoni. Usiku akigeuka kitandani nami nageuka, nasikiliza anavyovuta. Kumwambia siwezi, maana nikimwambia nitakuwa nimeuita. Nikawa mpole. Nikampikia supu, nikamlaza mchana, nikamwita "mume wangu", neno ambalo zamani lilikuwa la Idi tu.

Na nikazidisha udi. Tangu maradhi yaingie nyumba hii nilikuwa nafukiza kila Ijumaa: kanzu zake, mito, mapazia, na ile filimbi, kwa sababu kitu kinachogusa mdomo wa mume wangu hakiwezi kunuka mate. Sasa nikawa nafukiza kila siku. Akitoka tu kwenda msikitini, natia makaa kwenye chetezo, naweka juu yake lile tenga la miti la kutandazia nguo, naitandaza kanzu, na filimbi naiweka katikati, moshi uipate vizuri. Naisomea Ayatul Kursi mpaka makaa yapoe. Mtu akiogopa hushika analolijua.

Halafu siku moja nilikuwa napita ukumbini na nguo za kupiga pasi, nikamsikia anazungumza kwa simu na ndugu yake Marzouq, aliye Fanja.

"Ile nafasi pembeni ya Mama," akasema. "Mmemzika mtu?" Akasikiliza. "Basi iwacheni."

Nilikaa chini pale pale na nguo zangu. Nilipoweza kuinuka nikaenda uani, nikampigia Khulood.

"Njoo," nikamwambia.

"Kuna nini, Mama?"

"Ile sauti ya chini imeondoka."

Yeye ni daktari, na kila siku ana neno la kunituliza. Safari hii alisema tu, "Nakuja." Kesho yake adhuhuri gari lake likasimama mlangoni. Alitoka Sur alfajiri, akapita Ibra bila hata kuteremka kunywa maji.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Siku ya kazi hii, mwanangu?"

"Nimekukumbuka." Akamvua kanzu, akamsikiliza mgongo, huku, kule, vuta, toa. Mie nimesimama nyuma ya mlango namtazama uso wake yeye, si wa Khelef. Uso wa daktari hausomeki. Akavitoa vile vipira masikioni. "Kusikiliza hakutoshi. Picha ya kifua lini?"

"Nimeiahirisha," akasema Khelef, anajifunga vishikizo. Hilo hata mie nilikuwa silijui.

"Nipigie filimbi, basi."

"Leo sina hamu."

Khulood akaliendea sanduku mwenyewe. Akaunga vipande vyake, akaziba matundu sita, akapuliza. Ikatoka pumzi tupu. Akavuta mdomo, akapuliza tena, mishipa ya shingo imesimama. Pumzi tupu.

Na mie, badala ya kufahamu, moyo wangu ulianguka mara ya pili. Nikasema kimoyomoyo, Ya Rabbi, na huyu pia?

Lakini Khulood hakuwa na habari na mie. Alikichomoa kile kipande cha juu, akaziba mwisho wake kwa kiganja, akaweka mdomo kwenye tundu la kupulizia, akafyonza. Kama ni kizima, akasema, kingemng'ang'ania mdomo. Hakikung'ang'ania. Akakipeleka dirishani, akakizungusha kwenye mwanga polepole. Pale chini ya pete ya fedha palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, unakwenda mpaka karibu na tundu.

"Inavuja," akasema. "Si kifua. Filimbi ndiyo inayovuja." Kisha akaileta puani, akanusa, akanigeukia. "Mama. Mbona inanuka udi?"

Sikuweza kusema uongo. Mikono yangu yenyewe ilikuwa inanuka udi. "Naifukiza," nikasema. "Pamoja na kanzu."

"Juu ya makaa?"

"Sasa udi mwanangu unachomwa juu ya nini?"

Akafumba macho. Akatueleza kwamba mti ule ukikaushwa kwa moto hujikunja na kupasuka, na kwamba pumzi ikipata njia ya kupenya, sauti ya chini ndiyo ya mwanzo kufa. Kila siku nilipokuwa naiombea ndipo nilipokuwa naipasua. Khelef alinitazama. Nilitamani ardhi ipasuke na mie niingie, lakini huku chini chini ya aibu nilikuwa na furaha, nisikufiche, furaha ya kihayawani. Kipasuke kitu chochote humu ndani, mradi si yeye.

"Na picha utakwenda kupiga, Baba," Khulood akasema. "Filimbi si daktari." Akaomba nta. Nilikuwa nayo, ya asali ya milimani tunayonunua sokoni hapa. Akailainisha vidoleni, akaisugua kwenye ule ufa mpaka ukajaa, akafuta, akafyonza tena. Kikamshika mdomo. Akaiunga filimbi, akamnyooshea baba yake.

Khelef hakuipokea.

"Iweke sandukuni nta ikauke," akasema. "Nitapiga kesho."

"Nta haikauki, Baba."

"Basi keshokutwa."

Hapo nikamfahamu. Maadamu filimbi ni mbovu, kifua chake ni kizima. Akipuliza sasa na sauti isitoke, hakuna tena ufa wa kuusingizia. Na mie nilikuwa hivyo hivyo. Nilitaka aiache, tubaki na ile saa yetu nzuri mpaka jua lizame. Nikamwambia kwa upole, "Usijisumbue, mume wangu. Pumzika."

Akanigeukia, na macho yake yamejaa machozi.

"Unamsikia mama yako?" akamwambia Khulood. "Pumzika. Mume wangu. Wiki zote hizi huyu hajanigombeza. Nimeacha viatu katikati ya njia, kaviokota. Nimeweka taulo bichi kitandani, makusudi, kalianika. Ile sauti kupotea nilisema ni uzee, nitafanyaje. Lakini Ghaniya kuninyamazia? Nikajua hospitali wamempigia kuhusu vipimo vya nyuma, wamemwambia yeye, na mie nimefichwa. Ndipo nikampigia Marzouq."

Mwanamme huyu alikuwa anajichagulia kaburi kwa sababu ya supu yangu. Mtoto katuinamia, hajui amtazame nani. Nikavuta pumzi kwa niaba ya nyumba nzima.

"Pokea filimbi," nikasema, na ikatoka kali kuliko nilivyokusudia. "Pokea upulize. Mtoto kaendesha gari kutoka Sur, wewe unajishaua kama mwari. Na hilo taulo juu ya godoro langu, la makusudi, hilo nakuja nalo."

Akaipokea.

Aliyaziba matundu moja moja. Akaweka mdomo, akautoa, akaufuta kwa mkono, akauweka tena. Siku ile Maskati walipomwingiza chumba cha kupasuliwa sikuogopa hivi. Mwanzo ikatoka pumzi. Khulood akashika ukingo wa kiti. Halafu nyuma ya pumzi ikaja sauti, ndogo, ikatanuka, ikawa ile yenyewe nzito ya chini, akaishikilia mpaka uso ukamwiva.

Akakohoa, akavuta pumzi, akaanza tena bila kuambiwa. Mkono wangu ulikuwa juu ya goti lake, mbele ya mtoto, jambo ambalo sijapata kulifanya tangu nilipoolewa, na sikuuondoa.