Jino Lenye Mtu

Daktari wa meno aligonga gego la fundi seremala kwa mpini wa kioo chake kidogo, apate kujua kama linauma. Gego likagonga kutoka ndani, mara tatu.

"Linauma?"

"Sijui," fundi alisema. Kweli hakujua. Ganzi ilikuwa imempanda mpaka sikioni, na mdomo aliuona kama wa kuazima.

Picha ya eksirei ilionyesha jino ndani ya jino. Daktari alisema meno ya hivyo yapo: jino linapojiunda hujikunja kwa ndani, likafanya chumba kisichotakiwa. Mzizi wake husafishwa taratibu, kisha huzibwa.

"Ila la kwako, fundi, lina mtu."

Fundi akaitazama picha. Mtu huyo alikuwa dada yake, amekalia begi, kama alivyokaa kizingitini jioni ile baba alipomfungia nje kwa sababu ya mimba. Fundi alikuwa mtoto bado, magego ya ukubwani yakijiunda tayani. Aliambiwa anyamaze. Aliuma meno, akanyamaza.

Daktari akaingiza sindano ya kusafishia. Sauti nyembamba ikatoka kinywani mwa fundi: "Baba ameshafungua?"

Baba alikuwa pale pale, kwenye kiti cha wasindikizaji, kofia mapajani.

"Mzee, unaulizwa," daktari alisema.

"Nimesikia. Mimi sina binti. Ziba, daktari."

"Baba, ni dada," fundi alisema, ulimi mzito.

"Ni jino. Unawatengenezea watu milango kutwa, jino moja linakushinda?"

Fundi hakujua akasirike au acheke. "Dada, si utoke tu?"

"Komeo liko huko kwenu, mdogo wangu. Mwambie baba."

Daktari alimgeukia mzee, sindano mkononi. Kisha akaweka dawa ya muda, akaacha tundu la kupitisha hewa. "Mrudi wiki ijayo. Mzee akafikirie."

Mzee alikuwa ameshavaa kofia.

Wiki ilikuja ikapita, na nyingine nyingi. Fundi hutafunia upande wa pili. Wakila jioni, baba humuuliza kama jino limepoa, na kabla fundi hajajibu, jino hugonga, mara tatu. Baba huinuka, akaenda mlango wa mbele, akalisukuma komeo kuhakikisha limeingia mpaka mwisho. Kisha hurudi, akanawa mikono, akaendelea kula.