Vibao Vilivyovuliwa Karatasi

Jumatatu Babu alirudi kutoka ukumbi wa chama, akakataa chai, akanikataza kuvuka barabara.

"Barabara gani, Babu?"

"Yoyote."

Nilicheka. Babu ana miaka themanini na saba, amepika melini ujana wake wote, na mizaha yake huwa mizito. Lakini hakucheka nami, na chakula cha jioni hakukigusa. Kesho yake nilipokwenda kazini alisimama dirishani kunitazama, na jioni nilimkuta pale pale, na koti lake mwilini. Sikuelewa kitu. Mtu anagomea chakula kwa sababu ya barabara?

Bi Moy, katibu wa chama chetu, ndiye aliyenipigia simu Jumatano asubuhi, kwa kelele.

"Leanne, una wazimu wewe? Nani kabandua karatasi nyekundu?"

Ni mimi. Yaani, mimi ndiye niliyeruhusu. Kwa miaka mitatu nimehangaika hapa Liverpool kuokoa nyumba ya chama, iliyojengwa na mabaharia waliotoka wilaya ya kina Babu huko China, isivunjwe yakajengwa mabweni ya wanafunzi. Fedha za ukarabati zikapatikana, na wiki mbili zilizopita akaja Imogen, mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya kale, na glavu zake nyeupe. Ghorofa ya juu kuna madhabahu yenye vibao vya mbao, kila kimoja kimechongwa jina la marehemu. Vinne kati ya hivyo vilikuwa na karatasi nyekundu kuukuu juu ya jina. Imogen akauliza ni za nini. Na mimi, msimamizi wa mradi, nisiyejua kusoma Kichina zaidi ya menyu, nikamjibu bila kupepesa macho, "Mapambo ya Mwaka Mpya. Toa tu."

"Mapambo!" Bi Moy alipiga ukelele. "Ile karatasi ni ya mtu aliye hai! Amewekewa nafasi yake mapema, jina linafunikwa mpaka siku yake ifike. Ukiibandua umemzika!"

"Sikujua, Bi Moy."

"Ila kuiandikia halmashauri ya jiji kurasa arobaini ulijua."

"Basi tuzibandike upya."

"Inaruhusiwa? Aliyekuwa anajua mambo hayo ni Mzee Fong, na yeye karatasi yake tulishaitoa. Kwa haki kabisa, tulimzika kwanza."

Nikampigia Imogen. Akaniambia kwa upole kwamba karatasi zile zimeshapewa namba na kuhifadhiwa, na kwamba kupaka gundi mpya kwenye vibao kunahitaji kibali cha maandishi. Kichwa kiliniuma. Nyumba nimeiokoa mwenyewe, sasa siruhusiwi kubandika kikaratasi, na babu yangu anakufa njaa kwa sababu kibao kinasema ameshakufa. Nilijionea aibu, nikamkasirikia Imogen, nikakikasirikia na Kichina chenyewe. Sikujua nishike lipi niache lipi.

Mwisho nikapiga moyo konde. Nilinunua karatasi nyekundu dukani, nikapika uji mzito wa unga wa mchele uwe gundi, nikamshika Babu mkono tukapanda ngazi za ukumbi. Imogen alikuwepo. Alitazama sufuria, akamtazama Babu, akatoka nje. Mpaka leo sijui kama alituhurumia au alikwenda kutushtaki.

Kibao cha Babu nakijua, kiko ubavuni mwa kile cha Bibi. Nikapanda kiti, nikachovya brashi. Babu akanivuta sketi.

"Siyo hicho. Kile cha pembeni."

"Babu, hiki ndicho chako."

"Najua changu! Mimi hata nikikaa wazi mwezi mzima, hasara gani? Nimeshazeeka. Cha pembeni kwanza, fanya haraka!"

Nilidhani njaa imempanda kichwani. "Cha nani hicho?"

"Jambo hili mwenyewe haambiwi usoni, ni nuksi. Ndiyo maana nilinyamaza." Akakishika kiti nilichosimamia. "Wazee wa chama walikataa. Walisema watoto wa kike hawawekwi humu. Nikagombana nao mwaka mzima, tangu siku uliyozaliwa."

Nilikitazama kile kibao. Herufi tatu, zimechongwa vizuri, zikapakwa dhahabu. Wiki mbili nimepita mbele yake na mafaili yangu, nikiwaonyesha wageni urithi wetu.

"Soma, Babu," nikamwambia. "Kila herufi, polepole."

"Ukishafunika ndiyo nitakusomea," akasema, huku machozi yanamtoka. "Funika, mwanangu."

Nilipaka gundi juu ya jina langu. Karatasi ikakaa upande, nikataka kuibandua niiweke sawa. Babu akapiga kelele nisiiguse.