Fomu ya Mwanafunzi

Kwa miaka ishirini na miwili nimepamba nyumba za watu kutoka Kangema hadi Timau, na hakuna hata siku moja mtu aliniuliza cheti. Sasa serikali inauliza. Sheria mpya, nikaambiwa, inasema asiyesajiliwa asijiite mbunifu wa ndani ya nyumba. Nikauliza nijiite nani basi. Karani akaniambia niandike barua pepe.

Aliyenitia kiwewe hasa ni Kullow, anayejenga hoteli Nanyuki. Nilikuwa nimeshamchorea ukumbi wa kulia. "Mama, mimi nakuamini," alisema kwa upole. "Lakini benki inataka michoro iko na muhuri. Mwisho Ijumaa, ama nitafute mtu wa Nairobi." Nairobi! Mtu asiyejua baridi ya Nanyuki alfajiri.

Nikaenda ofisi ya usajili. Dirisha la kwanza likanituma la tatu, la tatu likanirudisha la kwanza. Mwishowe nikapewa fomu: mwombaji asiye na shahada athibitishwe na mbunifu aliyesajiliwa, aliyemsimamia kazini. Mpaka nipate muhuri wangu, michoro ipite kwa muhuri wa huyo msimamizi. Na mjini kwetu aliyesajiliwa alikuwa mmoja tu, Njoki. Njoki niliyemfundisha mimi kushika futi ya kupimia! Nikacheka peke yangu pale ngazini, kisha kicheko kikaniishia. Fomu ilisema mimi ndiye mwanafunzi.

"Auntie Watiri, karibu, keti," Njoki alisema ofisini kwake. Akaisoma fomu. "Lakini siwezi andika uongo. Ati nilikusimamia lini?"

"Andika siku yoyote, Njoki."

"Hapana, Auntie. Nionyeshe hiyo kazi ya Kullow, nikusimamie sasa."

Akaikagua michoro, meza ndefu, viti vyenye migongo mirefu, taa, nami nimekunja mikono kama mtoto anayesahihishiwa hesabu. Akasaini, akapiga muhuri. Penye nafasi ya maoni kwenye fomu akaandika mstari mmoja: Hajamuuliza mwenye nyumba.

Damu ilinipanda. Kweli asante ya punda ni mateke! Nilitoka bila kuaga. Nilichotaka nilikuwa nacho mkononi, na bado nilikuwa naumia, sijui kwa nini.

Alhamisi nikampelekea Kullow michoro. Nilitaka nimkabidhi niende zangu, lakini ule mstari ulikataa kunitoka akilini.

"Kullow, wewe mwenyewe ulitaka huu ukumbi uwe aje?"

"Nimengoja sana uniulize, Mama. Mamangu, Istahil, hakai kwa kiti. Sisi hula chini, kwa mkeka, sahani moja. Nilitaka hata kona moja ya hivyo. Lakini wewe ndiye fundi. Niliona aibu kukufundisha kazi."

Nikawakumbuka watu wa Nyeri, wa Kagio, wa Kangema, wote walioniambia asante, nyumba imependeza. Ni wangapi waliona aibu? Nikibadilisha mchoro, muhuri umekufa, na kesho ni Ijumaa. Nisipobadilisha, yule mama hatakuwa na pa kukaa katika hoteli ya mwanawe.

Nikaikunja michoro, nikampigia Njoki simu.

"Mwalimu," nikasema, na mimi mwenyewe sikujua kama nilikuwa nafanya mzaha, "nimekosea. Naweza kuja jioni hii unisimamie tena?"