Nikeli ya Kijani

Baba yangu, Mzee Ngassa, alikuwa mbishi, na ubishi huo nimeurithi mzimamzima.

Likizo ile ya mwaka 1956, niliporudi Geita kutoka chuoni Makerere, nilimkuta ameshazungumza na kina Clemens, waliotaka kunichumbia, habari za ng'ombe wa mahari.

"Generoza, nionyeshe hicho unachosomea," alisema. "Nikikiona, utarudi chuoni. Nisipokiona, utaolewa hapa hapa."

Niliudhika kweli, lakini nikatoa pakiti mbili za unga wa kemikali nilizotoka nazo chuoni: mmoja mwekundu, mwingine wa kijani.

"Zote zina nikeli, Baba. Ila sumaku inavuta mmoja tu."

Kazi ya Baba ilikuwa kuosha mchanga wa dhahabu mgodini. Akachukua sumaku yake iliyofungwa kitambaa, ile ya kuondolea mchanga mweusi kwenye dhahabu, akaipitisha juu ya pakiti. Hakuna kilichopanda.

"Ng'wanone, mwanangu!" aliruka. "Hii yote dhahabu!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sumaku yake ilikuwa dhaifu mno. Nikaazima kubwa kwa Marselino, dereva wa lori, nikatia unga kwenye mirija ya karatasi, nikaining'iniza kwa uzi na kufunga mlango upepo usiingie. Baba, na kifua chake cha vumbi la mgodini, alijiziba mdomo asikohoe. Mwekundu haukusogea. Wa kijani ukageuka polepole, ukaifuata sumaku.

"Kwa nini, na nikeli ni ile ile?"

"Ni jinsi majirani, yaani atomi zilizoshikana nayo, walivyoizunguka. Kwenye mwekundu wako wanne, wamekaa bapa kama watu kwenye sinia la ugali. Hapo elektroni zote za nikeli zina wenza, sumaku haina cha kushika. Kwenye wa kijani majirani ni sita: wanne pembeni, mmoja juu, mmoja chini. Elektroni mbili zinabaki pweke. Hizo ndizo zinazovutwa."

Baba aliendelea kuutazama uzi.

"Ng'ombe wala sikuwataka," alisema mwishowe. "Tangu mama yako afariki, jioni zinanishinda. Nilitaka ubaki tu, nisikie mtu akitembea ndani."

Hasira zangu zote ziliniishia. Nilimpenda baba yangu wakati ule kuliko siku nyingine yoyote, nikamshika mkono.

"Utarudi chuoni," alisema. "Kina Clemens nitawaambia mwenyewe. Ila leo usiende popote. Nionyeshe tena."